Ndoo ya Maji Safi

Kiwandani walimwita Mama Sensa, ingawa wakati huo hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Jina alilipata siku alipotumbukiza kifaa cha umeme ndani ya ndoo ya maji, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na kifaa kikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakikuambiwa kuwa kimezama.

Kilikuwa kiwanda cha kukereza vyuma: safu mbili za mashine chini ya paa la bati, zikitoa shafti, nati na viungo vya mabomba tangu asubuhi mpaka jioni. Chuma kikikatwa hupata moto, kwa hiyo kila mashine ilikuwa na bomba lake la kumwagia maji ya kupozea, maji meupe yaliyochanganywa na dawa, ambayo wafanyakazi waliyaita maziwa. Maziwa hayo yaliingia kila mahali. Yaliingia kwenye viatu, kwenye kucha, kwenye mifuko ya suruali, na zaidi ya yote yaliingia kwenye sensa, vile vifaa vidogo vya ukubwa wa kidole vinavyoiambia mashine kama taya zake zimekibana chuma sawasawa au la. Sensa ikinyamaza, mashine husimama. Na zilikuwa zikinyamaza kila kukicha. Mafundi umeme waliomtangulia walizifuta kwa kitambaa, wakazirudisha mahali pake, wakamwachia Mungu.

Yeye aliletwa pale na baba mkwe wake. Mzee alikuwa ameshinda kwenye mashine ya mwisho ya safu ya pili tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa tabia yake ya kutoharakishwa na mtu walimpa jina la Taratibu. Akishabana kipande, alikivuta kwa mkono kwanza kuona kama kimeshika, akakivuta tena, ndipo akafunga mlango wa mashine na kuwasha. Vijana walimtania kwamba chuma chake huota kutu kabla hakijakatwa. Lakini hakuwahi kuharibu kipande, na aliposema kwamba mke wa mwanawe ni fundi umeme mzuri, msimamizi hakuuliza swali la pili.

Na kweli alikuwa mzuri. Alizivua sensa zote zilizokufa, akazipasua, akakuta maziwa ndani. Akatafuta aina nyingine, zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zinavumilia kuzamishwa majini. Meneja alisita, maana mafundi wengi walishamwahidi mengi. Hapo ndipo Mama Sensa alipoagiza ndoo, akaijaza maji ya bomba, akaizamisha sensa huku ikiwa imeunganishwa na umeme, akapitisha kipande cha chuma mbele yake. Kataa ka njano, taa ndogo ya mgongoni mwa sensa, kakawaka ndani ya maji. Akakiondoa chuma, kakazimika. Watu wakapiga makofi, na mzee Taratibu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akatabasamu mpaka akalazimika kuangalia pembeni.

Sensa mpya zilifungwa kwenye mashine zote, na zikakaa. Mashine ziliacha kusimama ovyo. Kila wageni walipofika, meneja alituma mtu kumwita fundi wake aje na ndoo. Akawa anavaa koti safi siku za wageni. Nyumbani mumewe, fundi wa kushona viti vya magari, alimtania kwamba siku hizi mkewe anatembea kama mtu anayepigwa picha. Alicheka naye. Hakukanusha.

Kisha kiwanda kikapata kazi ya kukereza chuma cha pua, chuma kigumu kisichotaka mchezo, na maziwa hayakukiweza. Kwenye mashine tatu, ya mzee Taratibu ikiwamo, wakayamwaga maziwa na kujaza mafuta ya kukatia, mafuta mazito ya rangi ya asali yenye harufu inayokaa kooni. Mama Sensa aliyaona mapipa yakishushwa. Wazo lilimpitia kichwani kwamba sensa zake hajawahi kuzijaribu kwenye mafuta. Akaliacha lipite. Kitu kilichovumilia ndoo nzima ya maji, alijiambia, kitashindwaje na mafuta?

Miezi michache baadaye walikuja wageni kutoka kiwanda kingine, watu watatu waliotaka kuona hiyo sensa inayoogelea. Ilikuwa saa ya chai na mashine nyingi zilikuwa zimesimama. Mama Sensa alipita katikati ya safu na koti lake safi, ndoo mkononi, akielekea ofisini. Alipofika nyuma ya mashine ya baba mkwe wake, jicho lake lilinasa kitu. Taya za mashine zilikuwa wazi, hazikushika chochote. Lakini kataa ka njano kalikuwa kanawaka.

Alisimama, akainama, akaangalia vizuri. Alijua maana yake. Sensa ilikuwa inasema ndiyo wakati jibu lilikuwa hapana, na sensa ya namna hiyo ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu iliyokufa husimamisha mashine na hii huiruhusu. Angeweza kuzima swichi kuu iliyokuwa umbali wa mkono tu kutoka pale alipo. Angeweza kutundika kibao cha usiwashe. Lakini hayo yangekuwa ni kutangaza, wageni wakiwa mlangoni, kwamba ile sensa ya ajabu imeshindwa. Akajiambia atarudi akimaliza. Akainua ndoo yake, akaenda.

Alikuwa katikati ya maonyesho, mkono ndani ya maji mpaka kifundo, wageni wakitikisa vichwa kwa kuridhika, waliposikia mshindo. Ulikuwa mzito na mfupi, ukafuatiwa na vioo kumwagika. Mama Sensa hakuhitaji kuambiwa ni mashine gani.

Mzee Taratibu alikuwa amerudi kutoka kwenye chai, ameweka kipande, amekanyaga pedali ya kubana. Taya zilikishika nusunusu, kiasi cha kukidanganya kiganja kilichokivuta. Sensa nzima ingegundua na kukataa. Hii haikukataa. Mashine iliposhika kasi kipande kikachomoka, kikatoboa dirisha la mlango na kuupiga mkono wa kulia wa mzee, aliokuwa ameuegemeza pale kama siku zote. Walimkuta amekaa sakafuni kwenye mafuta, ameushika mkono kwa mkono mwenzake, anawaambia watu waangalie vioo wasije wakakatwa.

Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Pale hospitali, kabla hata daktari hajamaliza kumfunga, msimamizi aliuliza kimetokea nini. Mzee akajibu kwamba ni uzembe wake: alikuwa na haraka, akasahau kukivuta kile kipande.

Jibu hilo lilifika kiwandani kabla yao, na likawa kichekesho cha wiki. Taratibu kaharakisha. Walilisema bila ubaya, kwa ile namna ya wafanyakazi ya kutaniana, lakini walilisema kila mahali: kwenye foleni ya kunawa mikono, getini, kwenye meza ya chai. Wengine waliongeza kwamba uzee hauna daktari, kwamba macho yamekwisha. Msimamizi aliamua kwamba mzee akipona atapewa kazi ya kuzoa mabaki ya chuma, mahali pasipo na hatari. Mama Sensa alisikia yote, akaendelea kukaza nati ambazo zilikuwa zimekaza tayari.

Sensa aliifungua akiwa peke yake. Mpira wa kuzibia ulikuwa umevimba na kulegea kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Ganda la waya, lililokuwa laini, lilikuwa limekauka, na alipolikunja lilikatika kama kijiti. Alipoiinamisha, mafuta yalitoka ndani yakadondokea kiganjani. Akakaa nayo hivyo kwa muda, mkono umekunjuliwa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichojua pa kukiweka.

Nyumbani ndiko kulikomshinda zaidi. Waliishi uani pamoja, wazee chumba cha mbele, wao vyumba vya nyuma. Kila asubuhi alimwona mama mkwe akimfunga mzee vifungo vya shati na kamba za viatu, mzee akiwa ameangalia dari kama mtoto anayepigwa sindano. Mezani alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na chakula kikimdondoka alisubiri watu waangalie kwingine ndipo akiokote. Na alikuwa mwema kwake, jambo lililomkata maini. Alimuuliza habari za kazi. Alimwita mwanangu kama zamani. Mama Sensa alijibu akiwa ameinamia sahani, na usingizi wake ukawa wa kugeukageuka.

Mkutano wa wafanyakazi ulipofika, msimamizi alisimama kuzungumzia ajali, akatoa mfano wa mzee, kwa heshima, kwamba hata mkongwe anaweza kujisahau. Mzee mwenyewe alikuwepo, mkono kwenye bandeji ya kuning'iniza, amekuja kusalimia wenzake. Aliitikia kwa kichwa. Mama Sensa alihisi uso wake unawaka. Kabla hajajishauri akajikuta amesimama.

Akasema kosa si la mzee. Akaeleza kwamba sensa alizichagua yeye, na alizijaribu kwenye maji safi, wakati mashine hazitumii maji safi. Kwamba ile alama ya kwenye boksi ni ya maji ya bomba na haiahidi chochote kuhusu mafuta, na yeye alipaswa kulijua hilo. Akaitoa mfukoni ile sensa iliyovimba, ikapita mkono kwa mkono. Alipoketi, meneja akasema kiwanda kinahitaji watu wakweli kama huyu, na watu wakampigia makofi, marefu kuliko yale ya siku ya ndoo.

Alimtafuta baba mkwe wake kwa macho. Kiti kilikuwa kitupu. Alimwona kwa mbali akivuka geti, anatembea polepole, hakuangalia nyuma.

Tangu siku hiyo mzee hakumsemesha. Hakumnunia kwa kelele. Aliitikia salamu, alishukuru kwa chai. Basi. Mumewe hakuelewa. Alisema mzee alitakiwa kufurahi, jina lake limesafishwa, kazi ya kuzoa mabaki imefutwa, anarudi kwenye mashine yake akipona. Mama Sensa naye alijidai haelewi.

Jumapili moja asubuhi, wengine wakiwa wametoka, alimpelekea chai barazani. Alipogeuka kuondoka, mzee akamwambia akae. Alikaa kwenye ngazi, chini kidogo yake.

Mzee alikunywa kwanza. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa natoka kwenye chai. Nilikuona umesimama nyuma ya mashine yangu, ndoo mkononi. Ukainama, ukaangalia, ukaenda zako."

Mama Sensa alishika ukingo wa ngazi.

"Nikajiambia, kama kuna tatizo mwanangu angesema. Nikawasha."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomvunja. Alitamani ardhi ipasuke immeze na ngazi zake. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana jepesi kwake, kama kumlipa mtu kwa sarafu iliyotoboka. Alimuuliza kwa nini basi alijitwika kosa.

"Kwa sababu mimi namaliza, wewe unaanza. Na mimi ndiye niliyewaambia wakuajiri." Aliweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu aliyezoea mkono mwingine. "Kusema kwako hakukuniudhi. Ungekuja hapa kwanza, tukaenda tukasema pamoja. Umenisimamisha mwongo mbele ya watu niliofanya nao kazi maisha yangu yote, halafu wakakupigia makofi. Na la taa umelimeza."

Ilikuwa kweli yote, na sehemu ya mwisho ilikuwa kweli kuliko zote. Pale mkutanoni alikuwa amechagua kosa la kusema. Alikuwa amekiri lile la fundi, la kutojua mafuta, ambalo mtu yeyote angelisamehe, akalificha lile la mtu, la kuona na kupita. Yale makofi aliyapokea. Hata alikuwa amelala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Kukumbuka usingizi huo kulimtia haya kuliko kitu kingine chochote.

"Baba," alisema mwishowe, "kesho nataka niende nikalisema la taa. Nimekuja kwako kwanza."

Mzee alifikiri. "Nenda asubuhi," akasema, "kabla meneja hajachoka."

Alikwenda asubuhi. Mara hii hapakuwa na mkutano, wala sensa ya kupitisha mkono kwa mkono. Alisimama mbele ya meza na kusema aliiona taa, alijua maana yake, akapita. Meneja aliuliza alikuwa anakwenda wapi hata asisimame. Akajibu, kuja hapa, na ndoo. Meneja alitazama pale sakafuni ndoo ilipowekwa siku ile, karibu na viatu vyake mwenyewe. Hakumsifu. Alimpa onyo, akamwondoa kwenye sensa, akampeleka kubadilisha balbu na kusafisha feni za ghala. Habari ilienea kwa siku moja. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kumwita mezani wakati wa chai, na wale waliomwita Mama Sensa sasa walisita kidogo kabla ya neno la pili, kana kwamba wameligundua lina mwiba.

Alikaa kwenye balbu na feni karibu mwaka. Sensa za mashine zile tatu zilisimamiwa na fundi mwingine, aliyerudia zile zile, zikafa tena, ila safari hii watu walikuwa macho na mashine zilizimwa mapema. Mwishowe msimamizi akamfuata ghalani, akamkuta juu ya ngazi na feni mikononi. Alimuuliza kama anaweza kutafuta sensa za kuvumilia mafuta. Hakujibu kwa majivuno wala kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Alisema hajui, lakini anajua namna ya kujua.

Akaomba chupa za kioo zenye mdomo mpana. Akazunguka mashine moja moja, akachota kinywaji cha kila moja kutoka chini ya tangi lake: maziwa yaliyochacha, mafuta machafu yenye unga wa chuma, siyo yale mazuri ya kwenye pipa jipya. Ndani ya kila chupa akaning'iniza aina tofauti ya sensa na waya wake umekunjwa, maana waya huanza kupasukia penye kunjo. Akazipanga karibu na tanuri la kupashia vyuma, ambako joto linafanana na la mashine, akaziacha. Wiki zikapita. Nyingine zilivimba. Nyingine uso wake wa plastiki ulipata ukungu na nyufa. Moja ilistahimili maziwa bila tatizo, ikafa kwenye mafuta, na nyingine ikafanya kinyume chake. Waliokuwa na haraka walimwuliza ipi ni imara. Kila mara aliwauliza imara ndani ya kitu gani, na kama hawakujua aliwarudisha wakaangalie.

Zilizobaki hai zilikuwa chache: zenye uso wa chuma mtupu, zenye mpira wa kuzibia usiojali mafuta, na zenye ganda la waya lililobaki laini hata baada ya kulowa muda wote ule. Hizo ndizo alizozifunga kwenye mashine tatu za mafuta, na kwenye zile za maziwa akafunga zilizostahimili maziwa. Zaidi ya hapo aliomba mashine zirekebishwe zisikubali kuanza kazi mpaka taa ya sensa iwe imezimika kwanza taya zikiwa wazi, ili taa inayowaka bila sababu isimamishe kila kitu yenyewe, bila kumtegemea mpita njia. Msimamizi alisema hilo ni wazo zuri. Yeye aliinamisha kichwa, akarudi kazini.

Mzee Taratibu alirudi kwenye mashine yake, mkono ukiwa umeunga lakini hauna nguvu. Kutaniwa kulikwisha, na heshima ikarudi, ingawa wapo waliomtazama bado kama mtu aliyewahi kuwadanganya kwa sababu wasiyoielewa vizuri. Hakuwaeleza. Na yeye na mke wa mwanawe walianza kuzungumza tena kidogo kidogo, kuhusu bei ya mkaa, kuhusu bomba la uani linalovuja, kuhusu mjukuu aliyekuwa njiani. Siku ile hawakuirudia.

Alipostaafu, kiwanda kilimfanyia sherehe ndogo pale pale kati ya safu mbili za mashine. Meneja akatoa hotuba, wenzake wakatoa zawadi, saa ya ukutani yenye fremu nzito ya chuma waliyoikereza wenyewe. Mzee aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akaona watu wameliona hilo, akaomba radhi, akasema wa kulia siku hizi haubebi kitu kizito. Aliwaomba wasamehe utovu wa adabu.

Watu walicheka kwa upendo. Mama Sensa, aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni, hakucheka. Joto lile lile lilimpanda shingoni, mbele ya watu wote waliojua na wachache wasiojua. Akapita katikati yao mpaka mbele, akaishika saa upande wa pili, na wakaibeba pamoja mpaka mezani.